Mwalimu, naumwa tumbo

Kila uwanja niliofundishia netiboli una mti wake. Wa sasa ni mwarobaini, upande wa goli lililo karibu na barabara, na kila Jumamosi jioni hukosi kumwona msichana mmoja au wawili wamekaa chini yake, sweta limefungwa kiunoni katika joto la kumtoa jasho hata aliyesimama. Ukiwauliza, jibu ni lile lile nililokuwa nikilitoa mimi nilipokuwa na umri wao: "Mwalimu, naumwa tumbo." Wenzao wanajua maana yake. Mwalimu anajua. Filimbi inapulizwa, mazoezi yanaendelea.

Mimi nilikaa chini ya mti wa namna hiyo siku nne za kila mwezi, kidato cha pili na cha tatu, mpaka siku moja ya mashindano ya shule kwa shule tulipopungukiwa na senta. Nikaingia. Sketi zetu zilikuwa rangi ya krimu. Robo ya tatu nikasikia kicheko upande walikokaa wavulana kabla sijajua kinachochekwa, na mlinda goli wetu akaja mbio akanikumbatia kwa nyuma kama mtu anayeshangilia, tukatembea hivyo hivyo, tumbo lake mgongoni kwangu, mpaka nje ya mstari. Tulishinda mechi ile. Mimi sikurudi mazoezini hadi mwaka mpya.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nianze kufundisha, kwa sababu siku ile tumbo halikuniuma hata kidogo. Miguu ilikuwa na nguvu, pumzi ilikuwepo. Kilichonitoa uwanjani ni sketi. Na wasichana wengi ninaowaona chini ya mwarobaini, nikikaa nao nikawasikiliza, ninakuta hadithi ni hiyo hiyo: mmoja ana maumivu ya kweli, watatu wana hofu ya kuvuja.

Kwa hiyo tuanze na nguo, kabla ya homoni na vidonge.

Pedi haikubuniwa kwa ajili ya mtu anayeruka kudaka mpira. Gundi yake inashika vizuri chupi kavu, ikilowa jasho inaachia, na pedi inaanza kutembea. Kosa la kwanza la wengi ni kuvaa ile kubwa ya usiku wakidhani ndiyo usalama. Ukikimbia, inajikunja katikati ya mapaja kama bahasha, damu inapita pembeni na ngozi inachubuka. Chukua ya unene wa kati yenye mabawa. Chupi iwe ya pamba, iliyokauka kabisa, inayobana. Ile iliyolegea iache nyumbani. Bandika, kunja mabawa, kisha kandamiza kwa kiganja ukihesabu mpaka 20 ili gundi ipate joto ishike. Juu yake vaa taiti nyeusi inayofika nusu ya paja. Taiti ndiyo mlinzi: inaizuia pedi isihame, na hata ikivuja kidogo haionekani. Paka mafuta ya mgando kwenye maungio ya mapaja, lakini yasifike kwenye gundi. Badilisha muda mfupi kabla ya mechi hata kama uliyovaa bado ni safi, na ubadilishe tena wakati wa mapumziko.

Anayetumia pedi za kufua afanye vivyo hivyo, ila azifue kwanza kwa maji baridi, kwani maji ya moto yanaigandisha damu kwenye kitambaa, kisha azianike juani. Najua zinaanikwa wapi. Zinaanikwa chini ya godoro, au nyuma ya mlango chini ya khanga, zinavunda, na msichana anaanza kuwashwa. Kama aibu ni kubwa, tandaza kitambaa chepesi juu yake, lakini jua lizifikie.

Kikombe cha hedhi kinawafaa sana wakimbiaji: kinakaa ndani, hakichubui, na kinaweza kubaki hadi saa 12. Kinachemshwa kabla ya hedhi kuanza na baada ya kwisha. Lakini usikijaribu asubuhi ya mashindano. Kukizoea huchukua hedhi mbili au tatu, na majaribio hayo ni ya nyumbani, bafuni, bila haraka. Tamponi nayo isizidi saa 8, kwani ikisahaulika ndani inaweza, ingawa ni mara chache, kuleta maambukizi ya hatari yanayoanza na homa ya ghafla na kizunguzungu. Wazazi huniuliza kuhusu bikira. Jibu langu ni kwamba vifaa hivi vinaweza kuutanua ule utando, na kwamba mama na binti wana haki ya kuamua wenyewe. Pedi nzuri na taiti vinatosha kwa netiboli, riadha na mpira wa miguu.

Kwa kuogelea, hapana. Pedi inanyonya maji ya bwawa na haina kazi tena. Shinikizo la maji hupunguza mtiririko mtu akiwa ndani, ila haliukomeshi, na akitoka utaendelea. Kwa hiyo ni tamponi, kikombe, au nguo maalumu za kuogelea zinazonyonya. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mwogeleaji wa China Fu Yuanhui aliwaambia waandishi, baada ya timu yake kushika nafasi ya nne, kwamba alikuwa ameanza hedhi usiku uliotangulia na alikuwa amechoka. Kwao wapo walioshangaa kusikia kwamba mwanamke anaweza kuingia majini akiwa katika siku zake.

Na rangi. Wimbledon, kwenye tenisi, wanaovaa nyeupe tangu enzi za mababu zao, kuanzia mwaka 2023 wanawaruhusu wachezaji wanawake kuvaa bukta za rangi nyingine chini ya sketi. Timu ya soka ya wanawake ya England ilikwenda Kombe la Dunia mwaka huo huo na bukta za buluu baada ya wachezaji kulalamikia zile nyeupe. Kama hao wameweza, kamati ya michezo ya kata haishindwi kununua sketi za kijani iliyoiva au za zambarau. Bei ni ile ile.

Sasa tumbo lenyewe.

Damu inayotoka kwa siku zote za hedhi, kwa wanawake wengi, ni kati ya mililita 30 na 80. Kitambaani inaonekana nyingi, lakini ni kama kikombe kimoja au viwili vya ile kahawa chungu ya kibarazani. Maumivu yanaletwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo utando wa ndani wa mji wa mimba huzitoa unapobomoka. Zinaubana msuli ili uisukume damu nje. Zikizidi, msuli unabana mpaka unajinyima damu yake wenyewe, na hapo ndipo mtu anajikunja. Nyingine zinaufikia utumbo, ndiyo sababu siku ya kwanza wengine wanaharisha. Maumivu hayo ndiyo bibi zetu wanayoyaita chango.

Mazoezi hayaharibu chochote humo ndani. Paula Radcliffe wa Uingereza alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mwaka 2002, kwa saa 2:17:18, na alisimulia baadaye kwamba tumbo la hedhi lilimbana kwenye sehemu ya mwisho ya mbio. Sisemi hivyo ili umlazimishe binti yako akimbie kilomita 42. Nasema ili wale wanaoamini kwamba kizazi "kitalegea" au "kitageuka" mtu akiruka akiwa mwezini wapate kitu cha kufikiria.

Tena mazoezi ya kawaida hupunguza maumivu. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 12 yenye wanawake 854, wakaona kwamba kufanya mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, kunaelekea kupunguza maumivu ya hedhi kwa kiasi cha kuhisika, mazoezi hayo yawe makali au ya kunyoosha viungo tu. Majaribio yenyewe yalikuwa madogo, kwa hiyo nisiyatangaze kama dawa ya mnadani. Ila angalia vizuri: ni mazoezi ya mwezi mzima. Ukikaa wiki tatu kisha ukaruka kamba siku ambayo tumbo linauma, usinilaumu.

Siku yenyewe ikifika, ongeza muda wa kupasha mwili joto. Kabla ya kutoka nyumbani weka chupa ya maji ya moto, iliyofungwa kwa khanga, chini ya kitovu kwa dakika 15 au 20. Kisha kaa mkao unaofanana na sijda: magoti yametengana, tumbo limelala kati ya mapaja, mikono imenyooshwa mbele, pumzi zinatoka polepole. Wachezaji wangu waliucheka mkao huu mwanzoni. Sasa wanauita "sala ya tumbo", jina ambalo mama mmoja alikuja kunilalamikia, na ninadhani alikuwa na haki.

Kama dawa inahitajika, ibuprofeni inafanya kazi vizuri zaidi ya vidonge vingi kwa sababu inazuia prostaglandini zisitengenezwe. Maana yake ni kwamba inywewe mapema, tumbo linapoanza kuuma. Tabia ya kuvumilia mpaka machozi yatoke ndipo utafute kidonge inakupotezea dawa. Inywe baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au matatizo ya figo asiiguse bila kuuliza. Na anayekwenda kukimbia mbio ndefu juani huku hajanywa maji ya kutosha asiimeze, kwa sababu figo ndizo zitakazoumia. Kwa hao kuna parasetamo, ingawa nguvu yake kwa tumbo hili ni ndogo.

Na kama, baada ya yote hayo, msichana hawezi kusimama? Basi apumzike. Kupumzika siku moja hakumwangushi mchezaji. Lakini akikosa shule kila mwezi, maumivu yakizidi mwaka hadi mwaka, yakianza siku kadhaa kabla ya damu au yakibaki baada ya damu kukatika, hilo linahitaji daktari. Vilevile anayejaza pedi kila baada ya saa moja, anayetoka mabonge makubwa, au ambaye damu yake inapita siku 7. Usikubali kuambiwa "utapona ukizaa". Kuna ugonjwa uitwao endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba huota nje yake, na wanawake wengi huishi nao kwa miaka wakiambiwa maneno hayo hayo.

Damu ikitoka, madini ya chuma yanatoka nayo. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 za chuma kwa siku, wakati kaka yake wa umri huo anahitaji 11, na mezani kwetu mara nyingi kaka ndiye anayepewa kipande cha nyama. Dalili za upungufu huja kimyakimya: mchezaji aliyekuwa akimaliza mazoezi sasa anahema raundi ya pili, anaona kizunguzungu akiinuka, anatafuna barafu au udongo wa sokoni. Maini, nyama na dagaa ndivyo vinavyoupa mwili chuma kwa urahisi. Maharage, dengu na mchicha navyo vina chuma, ila ni kigumu kufyonzwa, kwa hiyo kamulia ndimu au kula chungwa pamoja navyo. Chai isogeze mbali na mlo kwa saa moja hivi; majani ya chai yanakizuia chuma, na sisi tuna mazoea ya kuteremshia maharage kwa chai.

Hapa niseme jambo la Ramadhani, kwani nimeliona mara nyingi. Msichana aliye mwezini hafungi, kila mtu anajua. Lakini kwa kuona haya mbele ya kaka, baba na mwalimu, anajifanya amefunga. Anashinda bila tone la maji, jioni anakuja mazoezini, anaanguka. Binti yangu, dini imekupa ruhusa. Kunywa maji, hata kama ni nyuma ya darasa.

Nimeiacha kwa makusudi hedhi ambayo haiji, na hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko yote.

Nilikuwa na mkimbiaji wa mita 5,000, msichana wa miaka 17, mwepesi kama unyoya. Siku moja aliniambia, kwa fahari, kwamba amekuwa "kama mwanamume": miezi mitano hajaona siku zake. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi naye. Nilidhani ni dalili kwamba mazoezi yamemkolea. Alikuwa akikimbia kilomita 12 alfajiri kwa chai ya rangi na kipande cha muhogo, anakula tena mchana baada ya vipindi. Mwezi wa saba akaanza kuchechemea, akishika muundi. Tukamchua, tukamfunga, tukamwambia ajikaze. Picha ilipopigwa mfupa ulikuwa na ufa.

Mwili ukipata chakula kidogo kuliko kazi unayofanya, unaanza kufunga idara zisizo za dharura, na uzazi ni ya kwanza kufungwa. Homoni ya estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo inayoilinda mifupa. Sehemu kubwa ya mfupa wa mtu hujengwa kabla hajafika miaka 20. Anayepoteza hedhi akiwa na miaka 17 anapoteza mfupa katika miaka ile ile ambayo angeuweka akiba. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina pana, upungufu wa nishati katika michezo, baada ya kukubali kwamba inagusa pia moyo, kinga ya mwili na akili, na kwamba wanaume nao inawapata.

Ndiyo maana nikaacha kuiita hedhi usumbufu. Ikija kwa wakati wake ni taarifa ya kila mwezi kwamba chakula kinatosha. Ikikosekana miezi mitatu mfululizo, pima mimba kwanza, bila kugombana na mtu, kisha nenda kwa daktari. Kadhalika msichana aliyetimiza miaka 15 hajavunja ungo. Anayetumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango yeye ni habari nyingine, kwani dawa zenyewe zinaweza kuikatisha damu. Na tiba ya mkimbiaji aliyepoteza hedhi ni chakula na kupunguza mazoezi; akipewa vidonge vya majira ataona damu, lakini ile ni damu ya vidonge, tatizo bado liko pale pale. Yule wangu alianza kula kiporo cha wali au viazi kabla ya mbio, na maziwa au mayai mara tu anapomaliza. Hedhi ilirudi baada ya miezi sita. Muda wake wa mita 5,000 ulirudi baadaye kidogo.

Kwa hiyo andika. Daftari la shule linatosha: tarehe ya kwanza, siku ngapi, maumivu kiasi gani, usingizi, ulichezaje. Baada ya miezi mitatu utaijua ratiba yako kuliko programu yoyote ya simu. Mitandaoni utakutana na watu wanaokugawia mwezi mafungu manne, wiki hii nyanyua vyuma, wiki hii nyoosha viungo tu. Mwaka 2020 tafiti 78 zilichambuliwa kwa pamoja, ikaonekana kwamba nguvu hupungua kidogo mno katika siku za kwanza za hedhi, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa, hivyo wachambuzi wakashauri kila mmoja ajichunguze mwenyewe. Mimi nilikuwa nacheza vizuri siku ya pili kuliko siku ya 25. Wewe huenda ni kinyume.

Vidonge vya kuchelewesha hedhi, ambavyo mama wengi wanaokwenda Hija wanavijua, vinaweza kutumika kwa mashindano makubwa, lakini kwa ushauri wa daktari, na vijaribiwe mwezi ambao hakuna fainali. Vinaweza kumletea mtu kichefuchefu au matone yasiyotarajiwa, na mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa asivitumie.

Makocha wanaume huniuliza, wakiwa wameshusha sauti: nitaanzaje kuwauliza mabinti mambo haya bila kuonekana mhuni? Usiwaulize. Siku ya kwanza ya msimu waambie wote kwa pamoja, wavulana wakiwepo kama ni timu mchanganyiko, kwamba aliye katika siku zake ana njia tatu: kucheza kama kawaida, kufanya mazoezi mepesi, au kupumzika, na anachagua mwenyewe bila kutoa maelezo. Usibandike tarehe za mtu ubaoni, nimeona ikifanyika. Nunua kibegi, weka humo pedi, chupi mpya mbili, taiti nyeusi, sabuni, magazeti ya kufungia na mfuko wa taka. Hakikisha choo cha uwanjani kina komeo na ndoo ya maji, kwa maana pedi bila choo haikusaidii kitu. Kibegi kikae kwa nahodha, siyo kwako.

Cha kwetu kinaning'inia kwenye msumari wa nguzo ya goli, upande ule ule wa mwarobaini. Jumamosi iliyopita msichana mdogo, darasa la sita, alikwenda, akakichukua, akaelekea chooni. Aliporudi akaniuliza kama bado kuna nafasi ya senta.